Wastani wa steji yetu ni 40,000, mbona mimi siuoni mfukoni?

Mwezi jana niliandika hapa sentensi moja tu kuhusu wastani: jumlisha vyote, gawanya kwa idadi yake. Nikadhani nimemaliza, nikaenda kupalilia mihogo yangu. Barua zilizofuata zimenirudisha mezani. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndani yake kuna mkopo ambao bado haujasainiwa.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa boda hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Kwenye steji tuko tisa. Juzi alikuja kijana wa mikopo, akatuuliza mmoja mmoja jana tulibaki na ngapi baada ya mafuta. Akaandika, akabonyeza simu, akasema wastani wetu ni shilingi 40,000 kwa siku, kwa hiyo kila mtu anaweza kulipa 20,000 kila siku ili apewe pikipiki mpya. Mimi siku hiyo nilipata 22,000. Wenzangu karibu wote ni hivyo hivyo. Huu ni wastani gani ambao watu wanane kati ya tisa hawaufikii? Simu yake mbovu, au ametuona wajinga? Namba zetu zote nimekuandikia hapa chini.

Marahaba mwanangu. Simu yake ni nzima, na hesabu yake nimeirudia mara mbili: iko sawa. Tatizo liko kwingine, tutalifikia.

Namba zako nimezipanga kuanzia ndogo kwenda kubwa: 15,000, 18,000, 18,000, 20,000, 22,000, 24,000, 25,000, 28,000, halafu ghafla 190,000. Jumla ni 360,000. Gawanya kwa tisa, ni 40,000 kamili.

Nilifundisha darasa la sita na la saba upande wa Tororo kwa miaka 27, na mali niliyotoka nayo ni ndoo ya vifuniko vya soda. Jana jioni nilitandika gazeti mezani nikakujengea steji yako, kila kifuniko kikiwa shilingi 1,000. Mafungu manane yalisimama vizuri. La tisa, la vifuniko 190, lilikataa kabisa. Liliporomoka, vifuniko vikaingia chini ya kabati, mjukuu wangu akatambaa na tochi kuvitoa. Nilikaa nikalitazama lile rundo nikaona barua yako imeshajibiwa nusu.

Kutafuta wastani ni kusawazisha mafungu. Nilichota kwenye rundo kubwa nikawajazia wengine mpaka kila mmoja akafika 40. Wa kwanza alihitaji vifuniko 25, wawili wa 18 wakahitaji 22 kila mmoja, aliyefuata 20, wewe 18, kisha 16, 15 na 12. Jumla ya upungufu wenu wanane ni 150. Na yule wa tisa, baada ya kutoa 150, akabakiwa na 40 zake. Kila mara ni hivyo: upungufu wa walio chini ya wastani unalingana sawasawa na ziada ya walio juu. Ukitaka kujua kama umekosea hesabu ya wastani, jaribu hivyo, visipolingana, umekosea.

Sasa niambie, huyo mwenzenu amewagawia hizo 150,000? Hajawagawia. Wastani ni mgao wa kuwazia tu: kama pesa yote ya steji ingetiwa kwenye kapu moja ikagawanywa sawa, kila mmoja angepata 40,000. Kijana wa mikopo ameuchukua mgao ambao haujatokea akautoza malipo ya kila siku. Hapo ndipo alipokosea, wala si kwenye kugawanya.

Tena pembeni ya barua umeniandikia kwamba huyo mwenye 190,000 ana pikipiki tano na vijana wanamletea hesabu jioni. Basi yeye ni tajiri wa pikipiki ambaye pia huja kuketi chini ya mwembe wenu. Mkimtoa, mnabaki wanane wenye 170,000, wastani unashuka hadi 21,250. Kuchanganya tajiri na waendeshaji ni kosa lililofanyika kabla hata simu haijatolewa mfukoni.

Swali la kijana lilipaswa kuwa "dereva wa kawaida hapa anapata ngapi?" Kwa swali hilo kuna namba nyingine, ile ya katikati. Kwa Kiingereza huitwa median. Panga watu kwa mstari kuanzia mdogo hadi mkubwa, halafu mtafute aliye katikati. Mko tisa, wa katikati ni wa tano: wanne nyuma yake, wanne mbele yake. Na wa tano ni wewe mwenyewe, 22,000. Kama tajiri kesho akiingiza 370,000 badala ya 190,000, wastani wenu utaruka hadi 60,000 na nyote mtaonekana mmeneemeka, lakini namba ya katikati itabaki 22,000, haitikisiki. Idadi ikiwa shufwa, wa katikati huwa wawili: wajumlishe ugawanye kwa mbili. Bila tajiri mko wanane, wa katikati ni 20,000 na 22,000, kwa hiyo namba ya katikati ni 21,000.

Lakini msije mkautupa wastani. Kuna mama anayekaanga chapati na mayai hapo steji, sina shaka, maana steji isiyo na rolex, ile chapati iliyokunjiwa mayai, sijawahi kuiona. Yeye akitaka kujua steji nzima ina pesa kiasi gani, wastani ndio wake: 40,000 mara tisa inarudi 360,000 bila kupotea shilingi. Namba ya katikati mara tisa ni 198,000, haimwambii kitu. Anayetaka jumla achukue wastani. Anayetaka kumjua mtu mmoja wa kawaida achukue wa katikati.

Kuna jingine ambalo hukuuliza. Hizo ni pesa za siku moja. Jumapili unapumzika? Tuseme unapata 22,000 kila siku ya kazi, siku sita: 132,000 kwa wiki. Lakini deni linahesabu siku saba. 132,000 gawanya kwa 7 ni kama 18,850. Umeona? Malipo ya 20,000 kwa siku ni 140,000 kwa wiki, na wewe wiki nzima umeshika 132,000, hujanunua hata posho ya watoto. Usisaini. Nunua daftari la shilingi elfu moja, andika kila jioni kwa siku 28, pamoja na siku za mvua, siku ya tairi na siku uliyolala na malaria. Siku ya kukosa iandike sifuri, usiiruke. Kisha mpelekee kijana daftari lako, akupangie malipo kwa namba zako, si za mwembe mzima.

Mwalimu, mzazi mwenzangu, binti yangu yuko P7, yaani darasa la saba. Kwenye mtihani wa majaribio ripoti inasema amepata 57 katika hesabu, na wastani wa darasa ni 52. Nikafurahi, yuko juu ya wastani. Halafu chini nimesoma: nafasi ya 34 kati ya wanafunzi 60. Juu ya wastani halafu nyuma ya nusu ya darasa? Nimwamini nani? Mama wa Malaba.

Mama mwenzangu, waamini wote wawili, kisha nenda shuleni ukaulize swali moja: siku hiyo ni watoto wangapi hawakufanya mtihani?

Umeniambia baadaye kwa simu kwamba ulikwenda, na jibu likawa sita. Basi fumbo limekwisha. Watoto 60 kwa wastani wa 52 ni jumla ya alama 3,120. Lakini zile alama 3,120 zimeletwa na watoto 54 tu. Sita walio nyumbani waliandikiwa sifuri. Gawanya 3,120 kwa 54, unapata karibu 57.8. Kwa hiyo kati ya waliofanya mtihani, binti yako yuko chini kidogo ya wastani, na nafasi ya 34 inaelezeka bila uchawi.

Sifuri ya boda aliyelala na malaria na sifuri ya mtoto ambaye hakuwepo ni vitu viwili. Boda siku hiyo kweli amepata sifuri, na deni linamsubiri. Mtoto hakupata sifuri, hakupimwa. Pakiwa na kipimo, hata kikiwa sifuri, hesabu. Pasipokuwa na kipimo, acha wazi na upunguze idadi ya kugawanyia.

Na kwa kuwa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, iko mbele yenu, neno kuhusu jumla ya madaraja. Masomo ni manne, kila moja hupewa daraja kuanzia 1, ambalo ndilo bora, hadi 9. Jumla nzuri kuliko zote ni 4, mbaya kuliko zote ni 36. Mtoto mwenye 3 kila somo ana jumla ya 12. Mtoto mwenye 1, 1, 2, na 8 ya hesabu ana 12 vilevile. Wastani wao ni 3 wote wawili. Kwenye karatasi ni mapacha. Mimi, mwalimu wa hesabu, huyo wa pili angeninyima usingizi. Kwa hiyo ripoti ikija, usiishie kwenye jumla. Tazama namba zimetawanyikaje.

Mwalimu, nanunua mahindi vijijini nauza mjini Mbale. Safari iliyopita nilinunua kwa bei mbili: 900 na 1,200 kwa kilo. Wastani ni 1,050. Nikauza yote kwa 1,100, faida 50 kila kilo. Mbona nikihesabu pesa zimepungua? Nashuku kijana wa mizani.

Mwache kijana wa mizani kwanza, kaka. Hukuandika ulinunua kilo ngapi kwa kila bei, nikakupigia. Ukasema kilo 100 za bei ya 900, na kilo 300 za bei ya 1,200, kwa sababu zile za bei rahisi ziliisha mapema. Basi: 100 mara 900 ni 90,000. Mara ya pili, 300 mara 1,200 ni 360,000. Pesa iliyotoka mfukoni ni 450,000 kwa kilo 400, yaani 1,125 kwa kilo. Ukauza kwa 1,100. Umepata 440,000. Umelipa shilingi 10,000 kwa heshima ya kubeba mahindi ya watu, na usafiri sijautia.

Ulichofanya ni kuzipa bei mbili uzito sawa, wakati moja ilikuwa na magunia mengi nyuma yake na nyingine kidogo. Ulichotakiwa kufanya kinaitwa wastani wenye uzito: kila bei iende na kilo zake, ujumlishe pesa, ugawanye kwa kilo zote.

Sikucheki. Kosa hili nimelifanya mbele ya wazazi. Nilipokuwa bado mwalimu mpya, shule yetu ilikuwa na mikondo miwili ya darasa la sita. Mmoja ulijaa watoto 80, ukapata wastani wa 45. Mwingine ulikuwa na watoto 20 tu, ukapata 75. Mwalimu mkuu akaniomba wastani wa darasa zima dakika tano kabla ya mkutano. Nikajumlisha 45 na 75, nikagawanya kwa mbili: 60. Akaitangaza, wazazi wakapiga makofi. Usiku nikiwa kitandani ndipo nilipoona. Watoto 80 mara 45 ni 3,600, watoto 20 mara 75 ni 1,500, jumla 5,100 kwa watoto 100: wastani ni 51. Asubuhi nilikwenda kumwambia mwalimu mkuu. Alinitazama, akafunga faili, akasema "wameshapiga makofi." Namba ile ya 60 ilikaa ubaoni ofisini mwaka mzima, na kila nilipokwenda kuchukua chaki niliinamisha kichwa.

Wastani wa wastani ni mtego. Unanasa tu pale makundi yanapotofautiana ukubwa, na ndivyo yalivyo karibu siku zote.

Mtego huohuo uko barabarani, kwa hiyo nimjibu hapahapa dereva wa teksi aliyeniandikia kwamba alitoka Kampala kwenda Jinja kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa kwa sababu ya foleni, akarudi kwa 60, na anabishana na kondakta wake kwamba wastani ni 50. Kondakta ameshinda. Njia ni kama kilomita 80. Kwenda ni saa mbili, kurudi ni saa moja na dakika 20. Kilomita 160 kwa saa tatu na dakika 20 ni 48 kwa saa. Mwendo wa polepole ulikula muda mrefu zaidi, kwa hiyo uzito wake ni mkubwa. Mlipe kondakta soda yake.

Mwalimu, nauza viatu vya mitumba soko la Owino, Kampala. Mwanangu anasoma, kanipigia hesabu ya viatu nilivyouza mwezi mzima, akasema wastani ni saizi 40 na nusu, nijaze hizo. Nisikilize?

Hapana, mama. Umeniambia wateja wako ni akina mama wa 38 na wanaume wa 43. Hapo 40 na nusu ni kiatu kisichomtosha mteja wako hata mmoja. Kwa viatu, tafuta saizi inayojirudia kuliko zote. Vitabu huiita modi. Na modi inaweza kuwa mbili, kama kwako: jaza 38, jaza 43. Yule dereva wetu wa Busia naye modi ya steji yake ni 18,000, ila kwa pesa sishauri kuitumia, maana watu wawili kufanana siku moja ni bahati tu.

Usimkaripie kijana. Hata sensa ya 2014 ilisema kaya ya Uganda ina wastani wa watu 4.7, na mimi sijawahi kumpikia mtu wa saba ya kumi. Kwa anayepanga chakula au visima vya wilaya nzima, hiyo 4.7 ni namba safi kabisa. Kwa anayenunua sahani za nyumbani, haimsaidii.

Mwalimu, sisi ni wanunuzi watano wa ng'ombe, tunanunua pamoja mnadani huku Soroti. Mizani hakuna, tunakadiria nyama kwa jicho. Fahali wa mwisho tulisema: kilo 180, 190, 195, 210, na mwenzetu mgeni akasema 400. Tulichukua wastani, tukalipa sana, tukalia. Kuna njia?

Ipo mzee wangu, na ni ya zamani. Jumla yenu ni 1,175, gawanya kwa tano ni 235. Mtu mmoja, tena mgeni, amewapandisha juu ya makadirio ya wenye uzoefu wote wanne. Mngemchukua wa katikati mngepata 195.

Mwaka 1906, kwenye maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza, watu walilipia tikiti kukisia maksai mmoja atatoa uzito gani akishachinjwa na kusafishwa. Mtaalamu mmoja, Francis Galton, aliziomba zile tikiti baadaye. Zilizosomeka zilikuwa 787, za wachinjaji, za wakulima, na za watu waliokuja kutembea tu. Akazipanga kuanzia ndogo, akaitafuta ya 394, ambayo ndiyo ya katikati. Ilisema pauni 1,207. Mizani ilisema 1,198. Tofauti ni pauni tisa, kama kilo nne, kwa nyama ya zaidi ya kilo 540. Aliichapisha habari hiyo mwaka 1907 katika jarida la Nature. Alipoulizwa na wastani je, akautaja: pauni 1,197. Safari ile wastani ulisogea karibu zaidi, kwa sababu tikiti zilikuwa nyingi na waliozidisha walisawazishwa na waliopunguza. Nyinyi ni watano. Kwa watano, mropokaji mmoja hana wa kumsawazisha.

Kwa hiyo mnada ujao, kila mmoja aandike namba yake kwenye kikaratasi kabla hajasikia ya mwenzake. Hilo ni muhimu kama hesabu yenyewe, maana mzee wa kwanza akisema 190 kwa sauti, wa pili atasema 195 kwa adabu. Vipangeni, chukueni cha tatu. Na huyo mgeni msimfukuze. Namba ya katikati haimwogopi.

Mimi nyama nanunua kwa mizani, nusu kilo, Jumamosi.